Ombi la Kurudishiwa Kutu ya Mlango wa Kushoto

Kwa Mheshimiwa Meneja,
Ghorofa ya juu, chumba cha pili baada ya ngazi.

KUHUSU: MLANGO WA MBELE WA KUSHOTO WA GARI LAKO, AMBAO SASA UNAFUNGA

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na umeshakunywa chai, maana nimemwomba mhudumu asikuletee kabla ya hapo. Mimi ni karani wa masijala, bado niko katika muda wa majaribio. Huenda sura yangu haikukai kichwani, lakini mkono wangu unaufahamu. Ndio ulioshika mlango wa gari lako kila asubuhi na kila jioni, tangu bawaba zilipoliwa na kutu mpaka juzi gari lilipopelekwa kuchomelewa.

Sina nia ya kulalamika. Nalalamika kwa sababu nimekaa na jambo hili moyoni hadi nimeanza kukosea kupanga mafaili. Nimeyaweka malalamiko yangu kwa namba, ili ukichoka uweze kuachia popote.

1. Kiti. Asubuhi ya kwanza baada ya gari kutoka gereji, nilisimama palepale kwenye kona ya mashine ya kusaga, shati nimelichomekea, vidole vya mkono wa kushoto nimevinyoosha kama kawaida ili visikakamae njiani. Ulipunguza mwendo, ukanipungia, ukapita. Kwenye kiti changu kulikuwa na mkoba wako. Mheshimiwa, sina ugomvi na mkoba. Ni mkoba wa ngozi, wa heshima. Lakini haushiki chochote.

Tena ni katika kiti hicho ndipo ulipokuwa ukiniambia, "Kijana, shika vizuri, suala lako la kuthibitishwa kazini naliangalia." Nimefuatilia na kugundua kwamba ulilikumbuka kila tulipofika kwenye kona kali, mlango ulipoanza kuvuta kwenda nje nami nikaanza kuufuata. Kwenye barabara iliyonyooka hukuwahi kulitaja. Sasa kona unazipiga peke yako, muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi huu, na sioni ni kitu gani kingine ndani ya gari kitakachokukumbusha.

2. Fundi. Uliniagiza niende na gari gereji nikae karibu na ndoo ya maji, moto ukishika zulia nimwage. Nilitii. Ndivyo nilivyomjua fundi wa bodi wanayemwita Cheche. Yeye hugonga bati kwa nyundo ndogo huku ameinamisha sikio, kama daktari anayesikiliza kifua. Palipolia, alipita. Palipokaa kimya, alikata. Alianza na kitundu cha kwenye madigadi, juu ya gurudumu, ambacho hata kidole changu cha mwisho hakikuingia, akamaliza na uwazi ambao paka wa gereji aliupita wima, mkia juu.

Nilimuuliza kwa adabu kama ameagizwa kuondoa kutu au kuondoa gari. Alisukuma miwani yake myeusi juu ya paji la uso akasema, "Mdogo wangu, moto haushiki kwenye maiti. Nakata mpaka nimpate aliye hai." Kuna wakati nilihofia hatampata.

Nasema hivi si kwa kumchongea. Nasema tu kwamba kutu imehitaji karibu umri wangu wote kula ilichokula, tena bila kelele. Cheche alikula zaidi ya hapo kabla ya chakula cha mchana, na grenda lake la kukatia bati lilisikika mpaka sokoni. Kati ya hao wawili, mimi ningemwita kutu ndiye mpole.

3. Sakafu. Nafahamu kwamba Mama, mkeo, alikasirika siku ile alipokaa mbele na kiatu chake kikapita kwenye tundu la sakafu, na kwamba hapo ndipo iliposemwa gari litengenezwe au yeye arudi kwao. Nampa pole. Lakini kiatu kile kilianguka kwa kukosa uzoefu. Mimi nimekaa juu ya tundu lile siku zote sijapoteza hata kisigino, kwa sababu nilijua pa kuweka nyayo. Isitoshe, tundu lilikuwa na kazi. Kupitia hapo nilikuwa nikikupa taarifa za barabara: dimbwi, changarawe, tuta, na siku moja kuku, ambaye alitokea nyuma akiwa salama ingawa ameudhika. Sasa pana bati jipya lililopakwa rangi nyeusi. Ni zuri. Halionyeshi kitu.

4. Mlango wenyewe. Hili naliandika kwa shida.

Cheche alipokwisha kuweka bati jipya kwenye nguzo ya mlango, alitaka mlango ukae mahali pake hasa, usipande wala usishuke, wakati yeye anazishikiza bawaba kwa nukta za moto. Aliuegemeza kwenye matofali, ukalala. Akauwekea jeki, ukakaa upande. Akatukana kidogo. Ndipo akanigeukia akasema, "Si nasikia wewe ndiye mwenye mlango? Haya, ingia, ushike kama unavyoushika siku zote."

Nikaingia. Kiti kilikuwa kimetolewa kwa kuogopa moto, kwa hiyo nilikaa juu ya debe. Nikauvuta kidogo ndani, nikauinua kidogo juu, kama nilivyozoea. Akaniambia nifumbe macho. Nikafumba, nikasikia moto unakaanga kitu karibu na goti langu, na kwa muda sikuwa na hakika kama ni bati.

Mheshimiwa, sijui kama katika ofisi yetu, au ofisi yoyote, yupo mtumishi mwingine aliyewahi kuitwa aishike kazi yake mwenyewe isitikisike, ili ichomelewe isimhitaji tena. Niliishika vizuri. Sikutikisika. Hata Cheche alinisifu, akasema nina mkono wa jeki. Alipomaliza nilitokea upande wa dereva, mlango nikauacha umefungwa vilevile nilivyoufunga. Sikuwa na moyo wa kuufungua.

5. Mama yangu mzazi. Yeye huwaambia majirani kwamba mimi ni mkono wa kulia wa meneja. Sijawahi kumsahihisha kwamba ni wa kushoto. Jana jirani alinikuta natembea kwa miguu, vumbi mpaka magotini, akaenda kumuuliza, "Mwanao vipi, kaachwa?" Mama yangu akajibu bila kupepesa, "Gari la meneja bovu." Kwa hiyo gari lako, lililokuwa bovu likasifiwa mtaani kwetu muda wote huo, limeanza kusemwa vibaya siku ileile lilipopona.

6. Ofisi. Hapa naomba uniwie radhi mapema.

Jambo likianza kwenye gari haliishii kwenye gari. Dirisha la masijala linashikwa na karani mkuu, kwa kiwiko, huku anaandika. Meza ya mhasibu ina miguu mitatu na goti la mhasibu, ndiyo maana hanyanyuki hata akiitwa. Choo hakina komeo, na mlinzi hukaa nje akikohoa ili watu wajue ndani kuna mtu. Amekohoa mpaka akapandishwa cheo. Katika jengo hili mtu hujulikana kwa anachokishika. Hatusemi "mhasibu yuko wapi". Tunatazama kama meza imesimama.

Sasa fikiria Cheche anapanda ngazi na mashine yake. Jioni hiyo kila kitu kitafunga, kitasimama, hakitayumba. Na kesho yake asubuhi, katika ukimya huo, atatokea mtu wa kuuliza sisi sote humu ndani tunafanya nini hasa. Simtaji mtu. Nimeanza na ghorofa ya chini, na nimeishia hapohapo chini.

Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo:

(a) Kutu irudishwe. Siombi yote; ya bawaba mbili zile tu. Nimeuliza, nikaambiwa maji ya chumvi yanafaa. Chumvi nitaleta mwenyewe, na nitamwagia taratibu, baada ya saa za kazi.

(b) Hilo likishindikana, nipewe nafasi ya kushika mkoba.

(c) Na hilo pia likishindikana, basi unikumbuke kwenye kona.

Nisalimie sana Mama pamoja na kiatu chake kilichobaki. Wasalimie watoto, mlinzi wa nyumbani kwako, na mbwa wako, ambaye alikuwa akinibwekea mimi tu na sasa hana kazi kama mimi. Ukipita gereji, msalimie na Cheche; najua hakunidhuru kwa makusudi. Mkoba nao usalimiwe, ukiona inafaa.

Naomba kuwasilisha kwa hofu na utiifu,

Karani wa masijala (majaribio),
aliyekuwa wa mlango.

Nyongeza: Mheshimiwa, nilikuwa nalamba bahasha nikaona kwa dirisha (ambalo nilikuwa nimelishika kwa muda) gari lako likiingia polepole, Mama yuko mbele, ameukumbatia mlango wa kushoto kwa mikono yote miwili, na midomo yake inakwenda haraka sana. Mlinzi wetu amenieleza yote, kama alivyoyasikia kwa Mama. Anasema Mama ndiye mtu wa kwanza kuufungua mlango ule tangu nilipoufunga mimi gereji, na tangu hapo umekataa kufunga. Umejaribu wewe kwa teke, amejaribu jirani kwa bega, mkapitia gereji akajaribu Cheche mwenyewe kwa nyundo. Mkoba umedondokea kwenye kona ya mashine ya kusaga. Anasema Cheche ametoa maelezo kwamba aliuchomelea jinsi alivyoshikiwa, na kwamba sasa unafunga kwa mtu mmoja tu: awe amekaa ndani, auvute kidogo, auinue kidogo, kwa mkono uleule. Naapa mkono wangu haukukusudia.

Nasikia pia kwamba Cheche anataka gari lirudi kesho, azikate bawaba aanze upya. Nakusihi umzuie. Yote niliyoandika hapo juu kuhusu kuchomelea, yahesabu hayakuandikwa. Ile ni kazi imara, safi, ya kudumu, na isiguswe na mtu. Kutu ni adui wa kila mtu. Chumvi nimeshairudisha jikoni. Ukishafungwa hautahitaji kushikwa kwenye kona, lakini nitaushika tu, kwa usalama.

Niko chini kwenye ngazi. Vidole nimeshavinyoosha.