Redio ya Mwalimu Bizimana

Jumatatu, 6 Februari 1984

Mkuu wetu wa shule, Bi Nyirahabimana, ametangaza: mkaguzi wa elimu anakuja Ijumaa. Mwalimu atakayemfurahisha atapewa darasa la nane. Yaani mimi au Gasana. Gasana! Mtu anayefundisha amekaa! Mimi nafuta makamasi ya darasa la kwanza tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Nalitaka darasa la nane mpaka usingizi umenipaa.

Nimepata wazo. Nitafundisha ofisini, kwenye mikro, na madarasa yote yatanisikia papo hapo. Redio ya shule!

Jumatano, 8 Februari

Mashine ya sauti imepatikana. Ni ya msikiti. Nimemwambia Mzee Twahiru, muadhini wetu, kwamba naipeleka kusafishwa vumbi. Spika nimeazima kwa mafundi redio, moja kila darasa. Gasana ameuliza kama zile nyaya ni za kuanikia nguo. Wivu tu!

Mke wangu Mukandekezi hakuinua macho kwenye cherehani. “Mwalimu, ile mashine iko ya Mungu. Urudishe mbio.”

Ijumaa, 10 Februari

Nilianza vizuri mno. Mito ya Rwanda. Sauti yangu ikatoka kila dirisha! Mkaguzi, uani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikanogewa, nikaongeza mito isiyokuwepo. Saa nikaisahau.

Mlango ukafunguka. Mzee Twahiru, ameifuata sauti ya mashine yake mpaka hapa. Hakunigombeza. Alitazama saa ya ukutani, akavuta mikro, akaadhini.

Watoto wetu, karibu wote Waislamu, Ijumaa wakiisikia sauti ile hawaulizi. Kalamu chini, viatu mkononi, bombani kutawadha. Madarasa matupu! Hata Gasana alitoka amekunja suruali. Mkaguzi akabaki peke yake uani. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 11 Februari

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Tukichimba mtaro, Bi Nyirahabimana akaleta habari. Mkaguzi amefurahi! Hajawahi kuona shule nzima ikitii sauti moja bila fimbo. Anataka matangazo kila asubuhi. Mtangazaji: Mzee Twahiru. Darasa la nane: Gasana, maana wanafunzi wake walipanga foleni vizuri. Mimi nitabeba mashine.

Nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona. Spika zilikuwa chache! Nyingine mbili barabarani, na mtaa mzima utanisikia. Nasikia parokia wana mashine kubwa zaidi. Jumatatu naenda kuongea na padri.