Miwani ya Mpokea Maziwa

Jumatatu, 10 Machi. Mwika.

Godwin anaota meno. Sijalala. Baba yake, Eliakim, yuko mlimani anaongoza watalii, hakuna wa kupokezana naye mtoto. Sawa. Nimefika kituoni hivyo hivyo, mtoto mgongoni.

Mimi ndiye mpokea maziwa wa kikundi chetu cha kina mama. Natumbukiza kipimo, kile kichupa cha kioo kinachoelea, nasoma mstari. Maziwa halisi hukiinua, maji hukizamisha. Kazi ya heshima! Na uji wa Godwin unatoka hapo hapo.

Shida ni mistari. Siku hizi kila mmoja umejizalia pacha.

Mama Hilda, mwenyekiti, kaniona nimekodoa macho. Kasema kesho madaktari wa macho wanakuja usharikani, pale kanisani, nikapimwe. Asiyeona hasomi kipimo, kazi atapewa Eunike, mwenzetu wa kikundi anayeitamani siku zote. Eunike akatabasamu. Sikuuona uso wake vizuri, lakini tabasamu lile nalijua hata gizani.

Mimi, miwani? Na umri huu? Thubutu!

Jumanne, 11 Machi

Nimeshinda!

Foleni ndefu, waliokaa benchi la mbele wanasikia kila kitu. Eunike alinitangulia. Akazisoma herufi za ubaoni kwa sauti kama anatangaza ndoa kanisani. Nikazikariri zote huku namnyonyesha Godwin. Zamu yangu ilipofika nikazitiririsha mpaka mstari wa mwisho, ambao kusema kweli sikujua kama upo. Daktari kaandika: macho mazima. Kaniambia mimi ni mfano kwa wengine.

Wakati wa kutoka nikamtupia Eunike jicho la dharau. Baadaye nikaambiwa yule alikuwa mke wa mchungaji. Mlangoni nikamwamkia mzee mmoja mrefu, shikamoo, kimya. Nikarudia, kimya. Kumbe koti, limetundikwa. Haidhuru. Cheti ninacho.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa hasira.

Mama mkwe, Mama Martha, kaleta maziwa yake kama kawaida. Nikatumbukiza kipimo. Mistari ikacheza. Nikachagua mmoja, ule unaoonyesha kimezama. Nikatangaza kwamba maziwa haya yana maji.

Foleni nzima ikageuka. Huku kwetu unaweza kumwambia mtu mchawi mkaendelea kusalimiana. Kumwambia ametia maji kwenye maziwa, hapana.

Mama Martha akaweka ndoo chini polepole. Akaniuliza kama nimesema Malaika, ng'ombe aliyemsomesha Eliakim, anatoa maji. Nikasema sikumtaja ng'ombe. Akasema basi nimemtaja yeye. Mama Hilda akasoma kipimo mwenyewe. Maziwa safi, tena mazito kuliko yote ya leo!

Nikasema ni povu. Nikasema ni upepo. Eunike akajisogeza: “Mama Godwin, nipe mimi hicho kipimo, shoga, ukapumzike, umechoka.” Nikamjibu kwamba nitachoka siku nikizikwa.

Mama Hilda kanipa mpaka Jumanne. Nije naona, au nikae pembeni.

Alhamisi, 13 Machi

Kurudi kwa daktari? Nikamwambie nini, kwamba yale macho ya mfano niliyaazima? Hapana. Nina akili zangu.

Nimeshuka Moshi mjini, sokoni, kwenye miwani ya mitumba. Rundo! Muuzaji, Jackson, akaniuliza naona mbali au karibu. Nikamwambia asiniletee udaktari, mimi natafuta ya kunipendeza. Nikapata nyekundu, pana, inafika mashavuni. Jackson akaapa nimetoka kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikajitazama kiooni. Sikujiona vizuri, lakini nilihisi nimependeza.

Barabarani ardhi ikainuka. Nikaruka mtaro, kumbe kivuli cha nguzo. Watu wakacheka. Waache wacheke, hawajazoea mitindo.

Ijumaa, 14 Machi

Kichwa kinapasuka. Asubuhi Godwin kaniona na miwani akalia kama ameletewa mgeni. Nimekamua ng'ombe wetu nje ya ndoo, paka kafurahi sana. Mtori wa ndizi nimetia sukari badala ya chumvi. Nikaula wote. Sitaki ushahidi.

Kisha nasikia hodi. Mama Martha! Nikajua leo ni leo. Nikamwamkia, nikajiandaa kujibu kila atakachosema. Akaivua ile miwani usoni mwangu, akamfunga Godwin mgongoni mwake, akasema twende mjini. Nikamuuliza kwani amejuaje. Akasema tangu Krismasi namsalimia mbuzi wake kwa jina la jirani.

Njia nzima kanishika mkono. Nilitaka kulia. Sikulia.

Daktari alikuwa mwingine, afadhali. Mama Martha akanikalisha karibu na mlango, mbali na wagonjwa wengine, nisisikie wanavyosoma herufi. Nikasoma nilichoona. Sikuona kitu. Kumbe jicho langu halikukaa mviringo kama mpira, limekaa kama yai. Ndiyo maana mistari inazaa.

Kwenye fremu ndipo vilipozuka vita. Nilitaka pana. Fundi wa miwani, Melkior, akasema kwa jicho langu lenzi lazima ikae sawa. Fremu pana itateleza puani, lenzi ikilala upande, mistari inarudi. Nikamwambia pua ni yangu. Mama Martha akaniuliza nataka kuonwa au kuona. Nikasema vyote viwili, kwani kuna sheria? Akachukua ndogo ya kahawia, akampa Melkior, akageuka na mtoto. Mjadala ukafungwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeichukua. Nafanana na mwalimu wa zamu. Lakini nimemwona Godwin. Ana meno mawili! Na kope ndefu kama za baba yake. Nimemtazama mpaka akachoka.

Nyumba ni chafu kuliko nilivyodhani. Nimevua miwani.

Jumanne, 18 Machi

Kituoni. Miwani puani. Kila mstari peke yake, hauna pacha!

Mama Martha nimempokea wa kwanza. Nikatangaza kwa sauti ya kufika barabarani kwamba maziwa ni halisi, leo na Jumatano ile. Huko ndiko kuomba radhi kwangu. Akacheka, akasema Malaika amesikia. Mama Hilda akasema kazi ni yangu. Ilikuwa yangu siku zote!

Kisha Eunike. Siku niliyoingoja, nimkamate na maji. Nikatumbukiza kipimo. Safi. Nikafuta lenzi kwa ncha ya khanga, nikatumbukiza tena. Safi. Mara ya tatu nikapiga magoti, jicho usawa wa mstari. Safi kabisa! Eunike akauliza, “Vipi, shoga?” Nikamwambia apite, anazuia foleni.

Nimefikiri jioni yote. Haiwezekani. Kesho nashuka mjini kumwambia Melkior ukweli: lenzi zake ni mbovu.