Marufuku na Neno la Mataifa

Hakuna mtu aliyewahi kukataza mambo mengi kwa Kiingereza kingi kama yule msimamizi wa jumba la ghorofa nne ambaye wapangaji walimbandika jina la Marufuku. Jina lenyewe hakulipenda. Si kwamba lilikuwa la kejeli. Tatizo lilikuwa la Kiswahili.

"Marufuku ni neno la kubembeleza," alimwambia mkewe, fundi cherehani, huku akikoroga rangi nyekundu kwenye kopo. "Mtu akilisoma anacheka, anapita. Lakini akisoma *prohibited*, lazima arudi nyuma kidogo."

"Anarudi nyuma atafute wa kumwambia maana yake," mkewe akasema, pini mdomoni.

Marufuku alikuwa na elimu yake mwenyewe kuhusu maneno hayo. *Forbid*, alisema, ni la baba kumkanya mwanawe. *Prohibit* ni la ofisi yenye kiyoyozi. *Ban* ni la serikali ikishanuna. Basi kucheza ngazini kukawa *prohibited*, matangazo ukutani yakawa *banned*, na kwa kinyozi wa ghorofa ya chini kelele zikawa *forbidden*. Kinyozi akaongeza sauti ya redio, akaendelea kunyoa.

Ndipo likaja suala la paa. Mama mwenye nyumba alikuwa ametandaza lami mpya huko juu, mahali pa kuanikia nguo, ili mvua iache kuwanyeshea watu vitandani.

"Asipikie mtu huko," akamwagiza Marufuku. "Lami ikiyeyuka nimekwisha. Jumamosi nakuja kukagua. Nikikuta mambo safi, nakukabidhi na lile jengo langu la pili."

Jengo la pili. Marufuku akaanza kutembea kifua mbele hata akienda kumwaga taka.

Kwa kazi nzito namna hiyo, *ban* alikiona kineno kidogo. Alitaka neno lenye manowari ndani yake. Akalipata kwenye redio ya kinyozi: mataifa makubwa yameiwekea nchi fulani *sanctions*, na sasa nchi hiyo haiuzi wala hainunui.

"Linaikaba nchi nzima," akamwambia kinyozi. "Litashindwa na majiko?"

Jumamosi asubuhi akapanda na kopo lake, akaandika kwenye mlango wa paa: COOKING HERE IS SANCTIONED BY THE MANAGEMENT. Akaukaza mkanda wa suruali, akateremka getini kumngoja mama.

Wa kwanza kulisoma alikuwa mpangaji mmoja mkalimani wa mahakama. Alilisoma, akalirudia, kisha akaita majirani.

"Jamani, leo Marufuku kalala upande gani? Katuruhusu kupikia huku juu."

"Yule? Umesoma vizuri?"

"Hili neno lina sura mbili. Huko kwenye habari ni vikwazo. Lakini likikaa hivi, ni idhini ya uongozi. Tena rasmi."

Watu waliochoshwa na moshi vyumbani hawaulizi mara mbili. Majiko yakapanda ngazi.

Mama alipofika, Marufuku akamtangulia kama tarumbeta mbele ya bendi. Akafungua mlango wa paa kwa mbwembwe, akainama, akampisha apite.

Majiko yalikuwa yamejipanga kama sokoni, miguu yake imezama kwenye lami. Katikati, akikoroga sufuria, alikuwa mke wa Marufuku.

"Nani kawaruhusu?" mama akauliza.

"Huyo hapo," fundi akasema, akimwonyesha mumewe kwa mwiko. "Tena kwa Kiingereza."

"Mama, nimekataza," Marufuku akasema, jasho likimtiririka. "Nimetumia neno la mataifa."

Mama akageuka kuusoma mlango. Akausoma polepole. Alipotaka kupiga hatua, mguu ulikuja, kiatu kikabaki kwenye lami. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Kuanzia sasa," akasema taratibu, "kazi ya usimamizi hapa huna."

 Marufuku aliona bado kuna upenyo, ingawa ulikuwa wa kisarufi tu.

"Samahani, mama. Kwa lugha rasmi, hiyo ni *ban*, au ni *suspension*, ya muda tu?"

"Ni toka."

Mkalimani alikuwa pale pale, jiko mkononi. Hakuna aliyemwomba atafsiri.