Nilivyomfundisha Kuku Mbio za Mardi Gras

Jumatano, 8 Februari

Leo Mzee Alphé Deshotel ametangaza. Amesimama mbele ya duka la chakula cha mifugo, kofia mkononi, akasema hii ndiyo Mardi Gras yake ya mwisho kuongoza, siku yetu ya vinyago kabla ya Kwaresima, tunapozunguka nyumba kwa nyumba kuomba vitu vya kupikia mchuzi wa gumbo. Goti limemkatalia farasi. Jioni ya siku hiyo, ukumbini, gumbo ikishapakuliwa, bendera ya kapteni atamkabidhi mwingine.

Bendera hiyo, kabla ya Alphé, aliibeba baba yangu. Bado namwona juu ya farasi mweupe, na kijiji chetu kizima cha Bayou Perdrix kikingoja ainue mkono. Mimi sijawahi kungojwa na mtu ila mke wangu Earline, naye hungoja kwa hasira.

Watu wote dukani wakageuka kumtazama Dudley Vidrine. Huyu ni kaka yake Earline, shemeji yangu. Kila mwaka kapteni humrusha hewani kuku wa nyumba ya mwisho, wenye vinyago wote humkimbiza, na kila mwaka ni Dudley anayeinuka matopeni na kuku kwapani. Amenipiga begani. Akasema, "Shemeji Ovide, mwaka huu ukifika mwisho bila kulala chini, nakubeba mgongoni hadi kwako."

Wamecheka. Hata muuza duka.

Nimewaza njia nzima. Anayemkamata kuku wa mwisho ndiye anayeonekana. Anayeonekana ndiye anayepewa bendera. Kukimbia siwezi, nina kitambi na miaka yangu. Basi namhitaji kuku atakayenifuata mwenyewe.

Alhamisi, 9 Februari

Nimempata. Mtetea mweusi, miguu myembamba, jicho la karani wa mahakama. Nimeweka punje za mahindi ndani ya kopo la tumbaku. Natikisa kopo, nampa punje. Natikisa, nampa.

Nimekula kuku maisha yangu yote, sikuwahi kumtazama ila sahanini. Kumbe ni kiumbe wa ajabu. Huwa anakuangalia kwa jicho moja, kisha hugeuza kichwa akuangalie kwa la pili, kana kwamba jicho la kwanza halina uaminifu. Nimekaa bandani mpaka miguu ikafa ganzi. Earline ameuliza nafanya nini humo. Nikasema utafiti. Akasema utafiti ukiisha nioge nje kabla sijaingia jikoni kwake.

Jumapili, 12 Februari

Anakuja. Popote alipo uani, kopo likilia anakuja mbio, mbawa wazi, kama mtu aliyeitwa kugawiwa urithi.

Kisha pigo. Nimevaa vazi langu la Mardi Gras, matambara ya rangi rangi, kofia ndefu iliyochongoka, kinyago cha waya. Nikatikisa kopo. Amepiga ukelele akaingia uvunguni mwa gari.

Sasa hapa pana swali. Kuku humjua mtu kwa nini? Uso, sauti, au viatu? Nimevua kinyago, akaja. Nimebadilisha mabuti, akaja. Nimefunga mdomo kabisa, akaja. Nimerudisha kinyago, uvunguni. Ni uso! Nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi, ingawa Earline asisikie.

Basi mafunzo yaendelee na vazi zima. Padri Romero amepita na gari nikiwa nimechuchumaa uani, kofia juu, nikimbembeleza kuku. Amepunguza mwendo. Kisha akaongeza.

Alhamisi, 16 Februari

Kinyago amekizoea. Leo nimempeleka kwa Mama Ezola Ardoin, mjane wa nyumba ya mwisho. Nimemwomba amlishe hadi Jumanne, na tukifika kuomba vitu vya gumbo, amtoe huyo.

Ameniuliza mbona nisimtoe mwenyewe kwangu. Nikasema msafara haupiti kwangu. Ni kweli, tena inauma. Ameuliza kuku anaitwaje. Nikasema kuku wa sufuria haitwi. Mama Ezola akamtazama mtetea. Mtetea akamtazama Mama Ezola, jicho moja, kisha la pili. Akasema sawa, mwache.

Jumatatu, 20 Februari

Hatari. Dudley amekuja kuazima hatamu, nikainuka kumpa, mfuko ukalia chaka-chaka. Akauliza ni nini hicho. Ulimi ukanitangulia: nikasema vidonge, vya shinikizo la damu.

Dudley amemwambia dada yake. Earline amelia. Ameuliza kwa nini namficha, na kama ndiyo sababu nashinda bandani peke yangu nikitafakari. Nikasema ndiyo. Chakula cha usiku hakikuwa na chumvi hata chembe.

Baadaye Dudley amerudi, sauti ya chini. Akasema, "Kesho kaa kwenye tela, shemeji. Usishuke. Nitawaambia vijana wasikutanie." Hakuna kinachoudhi kama mshindani mwenye moyo mzuri.

Jumanne, 21 Februari. Mardi Gras

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa sababu zitakazoonekana.

Asubuhi tulitoka vizuri. Farasi mbele, matela nyuma, fidla na kodiani juu yake. Kila nyumba Mzee Alphé alitangulia peke yake na bendera, akaomba ruhusa, akapunga mkono, ndipo tukamwagika uani kucheza na kuombaomba. Tulipewa mchele, vitunguu, soseji, kuku watatu. Dudley alikamata wote. Mimi nilikaa kwenye tela kama mgonjwa, nikingoja zamu yangu.

Nyumba ya mwisho nikashuka. Tumecheza, tumepiga magoti, tumenyoosha viganja. Mama Ezola akatoka na gunia la mchele na soseji ndefu. Akampa kapteni. Akarudi kibarazani, akakaa.

Nikamsogelea na kiganja changu. Nikamwuliza, na kuku je, mama?

"Kuku gani? Blanchine?" akasema. "Blanchine haendi popote. Ananitagia kila asubuhi."

Mtetea mweusi kama masizi, amempa jina lenye maana ya mweupe. Alikuwa amelala mapajani mwake kama paka.

Hapo mambo yangekwisha. Kapteni alikwisha geuza farasi. Lakini mkono wangu uliingia mfukoni. Naapa sikuwa na nia ya kumwiba. Nilitaka kujua tu. Siku zote hizi kwa mjane, kelele zote zile, vinyago arobaini vinavyofanana: je, atanikumbuka?

Nikatikisa.

Alinikumbuka. Aliruka kutoka mapajani mwa Mama Ezola, akapita katikati ya watu wote, akaja kwangu. Kwangu mimi. Nilitaka kulia. Kisha mtu akapaza sauti kwamba kuku katoka, na wote wakanirukia. Mtetea akanipanda kifuani, begani, akang'ang'ania kofia. Nikakimbia. Mimi na kuku tukawa tunakimbizwa pamoja, huku Mama Ezola akitufuata na ufagio, nayo filimbi ya kapteni ikilia bila msikilizaji. Mbele yangu kulikuwa na bwawa la kufugia kamba wa kula. Nikaingia mzima mzima.

Nikaibuka. Dudley alikuwa amesimama ukingoni, mikono ameitanua, amewazuia watu wote nyuma yake. Ameshuka majini. Amemtoa kuku kwanza. Amemfuta kwa matambara yake, akamrudishia Mama Ezola, kofia chini, akamwomba radhi. Ndipo akarudi kunitoa mimi. Akauliza kama vidonge vimelowa.

Kopo lilikuwa linaelea pale mbele ya macho ya watu. Kifuniko kimefunguka. Mahindi.

Desturi ni kwamba kapteni humchapa mkosaji kwa mjeledi wa gunia, kwa mzaha. Mzee Alphé alianza kwa mzaha.

Ukumbini bendera amepewa Dudley. Watu wamepiga meza. Nami nimepiga, mkono mmoja. Kisha Mzee Alphé akaja kukaa kando yangu na bakuli lake. Nikamwambia, pole pole, kwamba ningemshika kuku yule kwa haki, labda leo mambo yangekuwa mengine.

Akanitazama. "Ovide, baba yako hakuwahi kushika kuku hata mmoja."

Nikasema haiwezekani.

"Hata mmoja. Kapteni hakimbizi. Kapteni anabisha hodi, na anahakikisha watu wake hawachukui ambacho hawakupewa. Leo nilipiga filimbi, akaisikia mtu mmoja tu. Wewe ulikuwa unasikiliza nini?"

Nikasema kopo.

Amecheka mpaka mchuzi ukamwagika. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta kichwani picha moja ya baba na kuku, na sikuipata. Bendera tu, na mkono wake juu, na watu wametulia. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo miaka yote bila kuiona.

Gumbo ilikuwa nzuri. Nikaongeza.

Jumatano ya Majivu, 22 Februari

Mwili unauma kila kiungo. Earline amerudisha chumvi, ila maneno bado.

Nimepakwa majivu, nikapiga magoti, nikaahidi: Kwaresima hii, hila basi. Nje ya kanisa nimemwambia Dudley, akanishika mkono kwa nguvu. Akasema vizuri, basi tuonane Pasaka, tugonganishe mayai, yai likipasuka mwenyewe analitoa kwa mshindi. Anasema ana mitetea ya maganda magumu mwaka huu. Hajashindwa tangu tukiwa vijana.

Sasa hili si hila, ni swali. Kwa nini yai moja hupasuka na jingine halipasuki? Yai la kanga, kwa mfano. Ni dogo, lakini nimewahi kulikanyaga kwa buti na likabaki zima. Likichemshwa kwa maganda ya vitunguu likawa jekundu kama mayai mengine ya Pasaka, nani atalitambua? Na kanga akilishwa maganda ya chaza yaliyosagwa, kuanzia leo hadi Pasaka?

Nimerudi ndani kumwuliza Padri Romero, majivu yangali usoni, kama yai la kanga ni yai mbele ya kanisa. Amefumba macho kidogo. Akasema maungamo ni Jumamosi asubuhi.

Nimemwomba iwe mchana. Asubuhi kuna mnada wa kanga.