Nafasi Mbili Tu Zimebaki Kwenda Dijon

Jumapili, 8 Septemba 2024. Peckham, London.

Safari nimeitangaza. Baada ya ibada ya Kiswahili, watu wakinywa chai, nilisimama karibu na birika nikasema kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini na moja naondoka kwa treni kwenda Ufaransa. Paris, Dijon, Beaune, Lyon, Avignon. Katikati ni nchi ya mvinyo, na huu ndio msimu wa kuvuna zabibu. Watu waliguna kwa heshima. Ndipo Elkana, yule Mkenya anayetupigia kinanda, akauliza naenda na nani.

Ukweli ni kwamba naenda peke yangu. Binti yangu Daisy nilimwomba tuende wote, akanijibu kwa Kiingereza kwamba huko Leeds kazi zimembana. Lakini "peke yangu" si neno la kusema mbele ya watu wenye vikombe mkononi. Nikasema naongoza kundi. Nikaongeza kwamba nafasi zinakwisha. Zimebaki mbili tu.

Huo ndio mpango. Kinachokaribia kwisha hugombaniwa. Na tusifichane, nilikuwa nasema na watu wote lakini namwangalia Dada Restuta, muuguzi wa kule Tooting. Mjane, mtu wa Bukoba, anacheka polepole kana kwamba anaonja kwanza. Akisikia zimebaki mbili, atataka moja.

Jumatatu, 9 Septemba.

Hakuna aliyepiga simu. Samahani, Elkana amepiga. Anasema Beaune hutamkwa "Bon". Kifaransa alikipata Bujumbura, alikoishi miaka mingi, na hakuna siku inayopita bila kutukumbusha. Akauliza kundi lina watu wangapi. Nikamjibu kwamba tunakaribia kujaza behewa.

Jioni nimepika ndizi nyingi mno tena. Tangu Daisy ahame sijakipata kipimo cha mtu mmoja. Wanawake wa saluni iliyo chini ya nyumba yangu walikuwa wakicheka kwa muda mrefu. Nilizima redio nisikie wanachekea nini. Sikusikia.

Jumatano, 11 Septemba.

Restuta amepiga. Niliiacha simu iite kidogo, asije akaniona mtu asiye na shughuli.

Aliuliza kama nafasi bado ipo. Anayo likizo, na hana pa kwenda nayo. Mvinyo haumsisimui sana, ila treni anazipenda. Marehemu mume wake alikuwa akimpangia safari za treni ambazo hawakuwahi kuzisafiri.

Mtu mwenye akili angesema karibu. Mimi niliguna. Nikapekuapekua gazeti karibu na simu asikie karatasi. Nikamwambia wanaosubiri ni wengi, kuna hata familia yenye watoto, lakini kwa kuwa ni yeye nitajitahidi kumpenyeza.

Akasema: "Sitaki kumkosesha mtu nafasi, Kaka Anselm."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Jumapili nitampa jibu. Nadhani nilisikika mtu mzito. Jumapili nitamwambia amepata, naye atafurahi mara mbili.

Ijumaa, 13 Septemba.

Mazoezi ya mvinyo. Kiongozi wa msafara lazima aweze kusema neno mbele ya glasi. Nimenunua chupa ya mvinyo mwekundu, nikanusa, nikazungusha, nikaonja, nikafumba macho. Ladha: zabibu. Nikaonja tena kwa uangalifu zaidi. Zabibu.

Mchana ukaja ujumbe wa Elkana kwenye kundi la kanisa. Amesikitika kwamba safari ya Ufaransa imejaa. Kwa hiyo amekodi basi kwenda ufukweni Margate, Jumamosi hiyohiyo, kwa ajili ya "wote waliokosa nafasi kwa Bwana Anselm".

Watu wanajiandikisha kwa furaha. Wamekosaje nafasi, na hakuna aliyeiomba ila Restuta?

Jumapili, 15 Septemba.

Nilimfuata Restuta mlangoni nikamwambia amepata. Nilikuwa nimevaa suti.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wape ile familia," alisema. "Watoto wataikumbuka treni maisha yao yote. Mimi nitakwenda Margate na wenzangu."

Hapakuwa na familia. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini Elkana alikuwa nyuma yake, anasikiliza huku akitafuna andazi. Nikasema familia itafurahi sana. Restuta akaniambia mimi ni mtu mwema. Nimeambiwa mabaya mengi maishani, hakuna lililoniuma kama hilo.

Baadaye nilimuuliza Elkana, kama utani, basi lake likoje. Limejaa, alisema. Nilichungulia orodha ya majina. Yeye alikuwa anasema kweli.

Jumamosi, 21 Septemba. Dijon.

Nimefika. Treni ilikwenda vizuri, jambo lililonisikitisha kidogo. Ingechelewa, abiria wangeanza kuzungumza. Mama aliyekaa kando yangu aliomba radhi, akahamia kwa mumewe. Kwa saa nzima nililitazama shamba moja baada ya jingine, kila mara nikigeuka kumwonyesha mtu.

Hotelini, kwenye chakula, mhudumu aliniuliza kama namsubiri mwenzangu. Nikasema anakuja. Nilimsubiri pamoja naye kwa muda. Mwishowe akaja akaondoa sahani ya pili, kwa upole sana. Angeiondoa kwa kelele ningelala vizuri zaidi.

Jumatatu, 23 Septemba. Beaune.

Leo nilitoka mjini kwa miguu, nikapita kati ya mizabibu. Wavunaji walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu wakila. Mmoja wao, Msenegali mtu mzima aitwaye Matar, aliniona nimesimama barabarani kama mwizi asiyejua aanzie wapi. Akasogea kwenye benchi, akapigapiga mahali pa kukaa. Hakuuliza natoka wapi wala niko na nani. Nilikula nao. Niliambulia maneno machache tu, nikacheka kila walipocheka.

Tukapiga picha. Nikaituma kwenye kundi la kanisa: "Sehemu tu ya msafara wetu."

Haukupita muda, Restuta akapiga. Huko Margate mvua ilinyesha hata hawakushuka kwenye basi. Likizo yake bado ipo, hadi mwisho wa wiki. Ameangalia treni, kesho kutwa anaweza kunikuta Lyon.

"Au bado mmejaa, Kaka Anselm?"

Nilisimama ghafla hata Matar akaniangalia. Karibu, dada, niko peke yangu. Maneno yenyewe mepesi.

Nikamwambia kundi ni kubwa na hoteli kupatikana ni shida, lakini nitazungumza na wenzangu, kesho nimpe jibu. Asije akadhani nilikuwa namsubiri.