Kocha Bosco na Palizi ya Litapunga

Jean Bosco hakuwa na kazi, ila alikuwa na macho. Asubuhi moja pale Majengo alimwona Mama Gaudensia, muuza dagaa, akipambana na gauni mlangoni kwa fundi. Fundi anavuta zipu, zipu imegoma, na sendofu, sherehe ya kumuaga bintiye anayeolewa, imebaki wiki tatu.

"Shikamoo mama. Hapo shida si gauni, ni kalori," alisema Bosco kwa huruma ya padri msibani. "Mimi ni kocha. Nazichoma zote. Elfu tano tu kila mtu, na wenzako uwaite."

Jioni ile ile akampigia simu mzee Manyanda, mfugaji wa Litapunga ambaye mahindi yake yalishamezwa na magugu. "Mzee, vibarua kumi nimepata. Malipo yao nikabidhi mimi." Wakakubaliana mbuzi wawili.

Jumamosi akina mama kumi wakashuka shambani na raba mpya miguuni. Kila mmoja akapewa jembe.

"Mbona hii ni palizi?" akauliza Pudensiana, muuza vitenge.

"Kwenu ni palizi. Dar watu wanailipia laki. Inama, vuta! Kiuno, mapaja, vyote vinaungua!"

Wakapalilia. Bosco akakaa kivulini akipuliza filimbi, tayari anawatafutia mbuzi wake mnunuzi. Jambo moja tu hakulijua kocha huyu wa mchongo: ukichoma sana, njaa hurudi na riba. Saa saba matumbo yalikuwa yakinguruma hadi wenyewe wakasikiana.

"Kocha, chakula?"

"Maji. Chakula kinaharibu zoezi."

Ndipo Manyanda akatokea na mbuzi wawili kambani. "Hongereni mama zangu, mmelima kweli! Malipo yenu nimpe msimamizi wenu?"

Gaudensia akamtazama Bosco, akawatazama mbuzi, akameza mate. Hakugomba.

"Tupe sisi, baba. Na kisu."

Bosco alipogeuka aondoke, Pudensiana alishasimama njiani, jembe begani. "Unaenda wapi, kocha? Rudisha hela zetu. Halafu kuna matuta manne bado."

Akazirudisha. Akapalilia peke yake, jua la saa nane mgongoni, harufu ya nyama choma ikimfuata tuta hadi tuta.

"Na gauni je?" alimsikia Pudensiana akiuliza.

"Fundi ataongeza kitambaa," akajibu Gaudensia, mdomo umejaa.

Alipomaliza tuta la nne, Bosco akakimbilia motoni.

"Pole mwanangu," Gaudensia akamwambia, akilamba vidole. "Zimebaki kwato."

Bosco akachuchumaa, akaokota moja. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna chumvi.