Majani Yasidondoke Kabla ya Mgeni Rasmi

“Wizara ya Misitu, Milima na Mandhari inawatangazia wananchi wote kwamba Msimu wa Mapukutiko katika Hifadhi ya Mlima utafunguliwa rasmi na Mheshimiwa Waziri siku ya Jumamosi. Kabla ya hapo hakuna jani litakaloruhusiwa kubadilika rangi, kukauka wala kudondoka, na hakuna mgeni wa aina yoyote atakayepita Lango la Juu. Wote mnaombwa kutoa ushirikiano.”

Tangazo lilibandikwa kwenye Lango la Juu, na kwa kuwa miti haijui kusoma, lilisomwa pia kwa vipaza sauti asubuhi na jioni, vikielekezwa msituni.

Msomaji alikuwa Kaimu. Cheo chake kamili kilikuwa Kaimu Mkuu wa Hifadhi, lakini alikuwa amekaimu muda mrefu hata jina lake la kuzaliwa likawa halina kazi. Mlango wa ofisi yake ulikuwa na kibao kizuri cha shaba, MKUU WA HIFADHI, na juu yake kipande cha karatasi kilichogandishwa kwa gundi: KAIMU. Karatasi ile ilikuwa ya muda tu. Mlango ulioza, ukabadilishwa. Kibao kilichakaa, kikabadilishwa. Karatasi ikahamishwa kwa uangalifu kila mara na bado ilikuwa inasomeka vizuri.

Jumamosi hiyo, karatasi ingebanduliwa. Waziri mwenyewe alikuwa amemwahidi kwenye simu, kwa namna yake.

“Mambo yakienda sawa nitakuthibitisha hapo hapo, mbele ya kamera,” alisema Waziri. “Lakini nikikuta majani yameanza bila mimi, au mgeni mmoja amepita kabla yangu, utakaimu mpaka ustaafu. Na hata kustaafu utakaimu.”

“Nimekuelewa, Mheshimiwa.”

“Nani atakuwa langoni?”

“Komeo, Mheshimiwa.”

“Yule mama? Safi kabisa. Huyo ndiye mtumishi.”

Komeo alikuwa mlinzi wa Lango la Juu, mwanamke mpana, mtaratibu, aliyepewa jina hilo kwa sababu akishafunga amefunga. Aliwahi kumzuia mume wake asipite kwa kuwa alikuja saa za chakula. Mume alikuwa ameleta hicho chakula.

Nyumbani kwa Kaimu nako kulikuwa na tangazo lisilobandikwa. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kusalimia mwanzoni mwa mwaka, na salamu zikawa bado hazijaisha. Kaimu hakulalamika. Mkwe halalamiki. Kila asubuhi, akimkuta bibi huyo amekaa kwenye kiti chake, yeye Kaimu, akinywa chai kwa kikombe chake, yeye Kaimu, alitabasamu na kusema, “Mama, jisikie nyumbani. Wewe hapa si mgeni.”

“Asante, baba,” alijibu bibi, na kuongeza sukari.

Bibi alikuwa na jambo moja tu. Aliwahi kuuona mlima huo kwenye kalenda ya zahanati, ukiwa mwekundu kuanzia kiunoni mpaka mabegani, na tangu hapo moyo haukutulia.

“Nataka niuone kwa macho yangu, baba. Miguu hii mwaka kesho haipandi.”

“Utauona, mama. Jumamosi.”

“Na majani yakimalizika kabla ya Jumamosi?”

“Hayataruhusiwa.”

Bibi alimtazama kwa huruma. Jirani alipopita kuazima kiberiti, alimtambulisha kama alivyomtambulisha kwa kila mtu: “Huyu ni kaimu mkwe wangu. Binti nilimwozesha kwa mkuu, lakini bado anathibitishwa.” Jirani alicheka mpaka akasahau kiberiti. Kaimu naye alicheka, kwa sauti ndogo, maana jambo lile lilimchoma.

Matatizo yalianza Jumanne. Mti mmoja karibu na choo cha wageni ulipatikana ukiwa wa manjano upande wa mashariki. Jumatano miti ya jirani ikaiga. Kaimu aliitisha kikao cha dharura cha Kamati ya Kudhibiti Mapukutiko ya Mapema, na kamati ikatumia asubuhi nzima kujadili majani yaliyokwisha kudondoka yaitweje. Wapo waliosema “majani yaliyotangulia”. Mhasibu alipinga, akasema kutangulia ni sifa. Mwishowe wakakubaliana yaitwe “majani matoro”, na kwamba utaratibu kwa mtoro ni kumrudisha kituo chake cha kazi.

Basi wakayarudisha. Watumishi wote, mhasibu akiwemo, walipanda ngazi wakiwa na uzi na gundi. Jani lililolegea lilifungwa. Jani lililoanguka lilibandikwa tena, na kama tawi lake halikujulikana, lilipewa uhamisho. Kaimu alizunguka chini akishika ngazi na kusifu. Upepo ukivuma, msitu ulitoa mlio wa karatasi za ofisini.

Wakati huo watalii walikuwa wamejaa nje ya Lango la Juu, na mabegi yao, na mablanketi yao, wakitazama kwa mbali mlima unaowaka rangi.

“Mzee, mbona mapukutiko yameshaanza?” aliuliza kijana mwenye kamera.

“Hayajaanza,” alisema Kaimu. “Hayo mnayoyaona ni maandalizi.”

“Lakini majani yapo chini.”

“Yamepumzika.”

“Kwa hiyo tusubiri?”

“Msisubiri. Mkae tu, mpaka wakati ufike.”

Jumamosi ikafika, na Waziri akafika baada yake sana. Jukwaa lilikuwa nje ya lango, na Waziri alikuwa na kipaza sauti kidogo kilichobanwa kwenye kola, kwa sababu alipenda kusikika hata anapopenga kamasi. Vipaza sauti vilivyokuwa vikiisomea miti sheria sasa viliirudisha sauti yake bondeni, neno kwa neno.

Alizungumzia nidhamu. Alisema nchi haijengwi na watu wanaoingia popote wanapotaka. Akanyoosha kidole kwa Komeo.

“Mmuone mama huyu. Anasimamia tangazo kama lilivyoandikwa. Na tangazo hilo niliandika mimi, kwa mkono wangu. Hata mimi nikilivunja, mama, nizuie.”

Makofi yalipigwa. Komeo hakupiga. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea maagizo.

Waziri alishuka jukwaani, akakunja mikono ya shati, akaelekea kwenye utepe, uliokuwa umefungwa ndani, ng’ambo ya lango, chini ya mti mkubwa kuliko yote. Kiganja cha Komeo kikamkuta kifuani.

“Mheshimiwa, samahani. Msimu haujafunguliwa.”

“Najua, mama. Ndiyo nakwenda kuufungua.”

“Vizuri sana. Ukishafunguliwa, karibu.”

Waziri alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

“Mama, mimi ndiye Mgeni Rasmi.”

“Nimesikia, Mheshimiwa. Tangazo linasema mgeni wa aina yoyote. Na rasmi ni aina.”

Msaidizi wa Waziri, kijana mwenye suti inayobana na simu tatu, alimchomoa Kaimu kwenye umati kwa kumshika kiwiko. “Mwambie afungue.”

Kaimu alifungua mdomo. Kisha akakumbuka simu ile: mgeni mmoja akipita kabla yangu. Akamgeukia Waziri kwa heshima zote.

“Mheshimiwa, wewe ukipita, kutakuwa na mgeni aliyepita.”

“Kabla yangu, nilisema! Mimi nitapitaje kabla yangu?”

“Hilo ndilo tunalojiuliza, Mheshimiwa.”

“Basi Mheshimiwa si mgeni,” alidakia msaidizi. “Wizara ni yake, mlima ni wake. Ni mwenyeji.”

“Apite,” alisema Komeo, akishika funguo. Kisha akasita. “Ila akiwa mwenyeji, Mgeni Rasmi ni nani?”

Waziri alimtazama msaidizi, msaidizi akatazama simu zake zote, moja baada ya nyingine.

“Niwaletee utepe hapa nje?” alipendekeza Kaimu. “Mimi ni mtumishi, mimi napita.”

“Hapa nje?” alisema msaidizi. “Picha itapigwaje? Nyuma yake kuna choo.”

Wakiwa katika hilo, upepo ukashuka. Haukuwa mkali. Ulipita tu kileleni, ukateremka mabondeni, na majani yakaanza kuondoka matawini kwa makundi, mengine bado yana uzi, mengine yameshikana mawili mawili kwa gundi, yakizunguka hewani kama hayajui yaende wapi. Watalii walisogea uzioni. Mtoto mmoja alianza kulia kwamba yanakwisha.

Bibi, ambaye Kaimu alikuwa amemleta tangu asubuhi na kumketisha mbele ya watalii, akainuka kwenye kigoda chake. Alijifunga khanga vizuri, akachukua fimbo na kikapu, akaenda moja kwa moja mpaka langoni.

“Nipishe, mwanangu.”

“Bibi, wewe ni mgeni?” aliuliza Komeo.

“Mimi?” Bibi alishangaa kwa dhati. “Muulize kaimu mkwe wangu huyo. Tangu nimekuja kila siku ananiambia, mama, wewe hapa si mgeni. Au alikuwa ananidanganya?”

Watu wote walimgeukia Kaimu. Kamera nazo.

Alikuwa amelisema neno lile kila asubuhi, na si mara zote alilimaanisha. Kuna asubuhi alilisema huku akikitazama kikombe chake kwa uchungu. Akisema ni kweli, karatasi itabaki mlangoni milele. Akisema si kweli, amemwita mama mkwe mgeni mbele ya umati, na usiku huo angelala wapi. Alitazama viatu vya bibi. Vilikuwa viatu vya kanisani, vilivyopakwa dawa vikang’aa, kwa ajili ya kupanda mlima. Roho ikamuuma kweli.

“Ni kweli,” alisema. “Mama si mgeni.”

Komeo akafungua. Bibi alipita, akageuka nyuma.

“Na hawa walio na mimi?”

“Wapi hao?” alisema Komeo.

“Sisi hapa, bibi,” alisema kijana mwenye kamera, akiwa wa kwanza kuelewa.

“Wajukuu zangu,” alisema bibi. “Wote.”

“Wajukuu si wageni,” alisema Komeo, akafungua lango lote.

Waliingia kwa adabu, kila mmoja akimwamkia Komeo kama shangazi. Bibi alitangulia. Chini ya mti mkubwa alikuta utepe umekata njia, akaujaribu kwa vidole, akaona ni kitambaa kizuri. Akaufungua fundo, akaukunja, akautia kikapuni. Kuna mjukuu wa kweli nyumbani aliyekuwa na nywele nyingi.

Kisha akainua macho. Mlima ulikuwa mwekundu kuanzia kiunoni mpaka mabegani, kama kwenye kalenda, ila huu ulikuwa unatembea. Majani yalimwangukia kichwani na hakuyatoa. Alisimama pale akisema, “Haya. Haya jamani. Haya,” na machozi yakimtoka bila kuyaficha.

Langoni, Waziri alibaki na msaidizi wake, watumishi, waandishi wa habari na upepo. Aliona utepe ukiingia kikapuni. Aliona msimu umefunguliwa na mwanamke mwenye fimbo. Akamwendea Kaimu, uso umevimba, akamshika shati, na akasahau kilichokuwa kolani.

“Kuanzia sasa hivi,” alinguruma, “wewe si kaimu tena.”

SI KAIMU TENA, ilisema miti yote.

“Umenisikia? Kukaimu kwako kumekwisha leo.”

KUMEKWISHA LEO, lilisema bonde.

Kisha mhasibu, aliyekuwa bado juu ya ngazi na gundi mkononi, akapiga makofi. Wafagiaji wakafuata. Madereva wakapiga honi. Ndani ya hifadhi wajukuu wote wa bibi wakashangilia, wengine wakirusha majani. Mwandishi wa habari alimsogelea Waziri mbio.

“Mheshimiwa, kwa hiyo umemthibitisha rasmi kuwa Mkuu wa Hifadhi?”

Waziri alitazama kamera. Akatazama umati unaopiga makofi, na makofi yalikuwa kitu ambacho hakuwahi kukirudisha maishani mwake. Mkono uliokamata shati ulilegea, ukalinyoosha shati lile, ukashuka ukaushika mkono wa Kaimu.

“Wizara,” alisema polepole, “inawatambua wachapakazi.”

Bibi alisikia yote kwa vipaza sauti. Akageuka, akaita kutoka chini ya mti, “Mkwe! Njoo uone upande huu.”

Mkwe tu, bila kaimu. Mkuu wa Hifadhi alijifuta macho kwa kiganja, akasema ni vumbi, akaingia. Alikuwa hajafika mbali redio ya mkononi ilipokoroma kiunoni. Ilikuwa sauti ya Komeo.

“Mkuu, msimu sasa umefunguliwa. Kuna mgeni hapa langoni anataka kuingia. Anasema yeye ni rasmi.”

Mkuu aligeuka. Basi jingine la watalii lilikuwa limeegesha, na watu walishajipanga kuanzia langoni mpaka kwenye choo.

“Wa aina yoyote wanaruhusiwa sasa,” alisema. “Mwonyeshe foleni inapoanzia.”